Vanishi Inabanduka Mikononi mwa Mzee, na Ufunguo wa Kabati Ninao Mimi

Mama Oloo mpendwa,

Shikamoo. Naomba unisaidie mawazo kwa sababu yangu yamekwisha. Mimi ni mtu wa kuandika kila siku yangu na tarehe yake, tangu nikiwa shule, na nimezoea kwamba jambo nikishaliandika linakaa sawa kichwani, lakini hili kila nikiliandika linazidi kuwa baya.

Mimi ni Mrundi, nilikulia kambini Tanzania na huko ndiko nilikomalizia sekondari, sasa naishi huku ughaibuni, Merrylands, na mke wangu Lyse na binti yetu Keza, na kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Tangu mwaka jana nimepangiwa nyumba moja tu, mtaa wa Quakers Hill, kwa mzee anayeitwa Neville, ana miaka themanini na minane na ugonjwa wa kusahau umemfikisha pabaya, hamtambui tena binti yake, hajui kama mkewe alishafariki, na ukimpa kijiko anaweza kukitazama tu mpaka chakula kipoe. Ujana wake alikuwa mchezaji wa besiboli, mchezo ambao mimi nilikuwa siujui kabisa, wa kupiga mpira mdogo kwa gongo la mti, na sebuleni kwake kuna kabati la kioo lenye magongo kumi na moja, yote yalichezewa mechi za kweli, mengine ni yake na mengine aliachiwa na wenzake walipostaafu. Yana alama za mipira, yana utomvu mweusi wa kunata kwenye mpini ambao walikuwa wanapaka ili mkono usiteleze, moja lina ufa uliopigwa misumari midogo na kuzungushiwa utepe, na juu ya yote hayo kuna vanishi ya zamani, imeiva kama chai iliyokaa sana, na hiyo vanishi ndiyo inayoninyima usingizi.

Binti yake anaitwa Robyn, anaishi mbali, huja Jumapili asubuhi na adhuhuri ameshaondoka. Ni mtu mwema, Mama Oloo, nataka ulijue hilo mapema. Alinieleza kwamba watu wanaohifadhi vitu kama hivi hawathubutu kupaka vanishi mpya, maana ile ya zamani ndiyo inayoshikilia kila alama, ukiikwangua unabaki na mti tu.

Kabla ya haya yote mzee alikuwa anashika magongo yake kila alasiri. Ukimpa gongo anakuwa mtu mwingine, anasimama bila kushikwa, anapapasa mpini macho ameyafumba na anakuambia ni la nani. "Hili la Merv," anasema, "Merv huyo, hata ungemrushia tikiti maji angelikosa," na anacheka mpaka anakohoa, halafu akikaa anakula sahani yote.

Sasa sikia nilichofanya. Mimi nikimwogesha mtu siwezi kumwacha amepauka. Kwetu mzee akionekana mikono na miguu imepauka watu huuliza, huyu hana watoto? Na ngozi ya mzee Neville ilikuwa inachanika kama karatasi, basi kila siku baada ya kumwogesha nikawa nampaka mafuta ya mgando, mikono, viganja, katikati ya vidole, mpaka anang'aa, na nesi alipokuja akaisifu ngozi yake, na mimi nilijisikia vizuri sana, kwa sababu baba yangu alifia kambini mimi nikiwa tayari huku na sijui ni nani aliyempaka mafuta siku zake za mwisho. Nikimaliza kumpaka, nampa gongo.

Mwezi wa kwanza, lile joto unalijua, gongo moja likaanza kunata, vumbi na nyuzi za blanketi zikaganda juu yake, kisha likaingia ukungu mweupe, kisha vanishi ikaanza kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua, na baada ya hilo la pili, na la tatu. Tarehe 19 Januari niliandika hivi: magamba ya vanishi kwenye viganja vya mzee, yameshikwa na mafuta. Nilipoyaona yale magamba juu ya mafuta niliyopaka kwa mkono wangu mwenyewe ndipo nilipoelewa kwamba mafuta yangu ndiyo yanayoibandua.

Sikusema. Robyn naye aliona uharibifu, akamwita fundi mmoja anayeshughulikia vitu vya kale, fundi akasema mikono ya watu isiguse tena magongo haya, basi Robyn akafunga kabati, na ufunguo akanipa mimi kwa kuwa ndiye ninayefuta vumbi. Alinionyesha pale kwenye mpini palipolika kwa kushikwa, akasema, "Baba akiondoka, mikono yake itakuwa hapa. Sina pengine pa kuiona. Wewe ndiye ninayekuamini."

Tangu siku hiyo mzee anakaa kitini ngumi moja juu ya nyingine, ameshika hewa, na mimi ananiita kocha.

"Kocha, zamu yangu bado?"

"Bado, mzee."

"Wamenitoa?"

"Hapana, hawajakutoa."

"Basi mbona sina gongo?"

Nikainua kijiko, yeye akafunga mdomo, na hakikuingia siku ile wala kesho yake. Nguo zake sasa zinamning'inia. Nilienda madukani Parramatta nikamnunulia gongo jipya, zuri, la mti vilevile, akaligeuza mara moja, akalinusa, akanirudishia, "La mtoto wa nani hili?" Nikamvisha glavu za kitambaa, akazivua kwa meno. Nikaacha kumpaka mafuta viganjani, viganja vikapasuka vikatoa damu.

Basi nikaanza kulifungua kabati. Alasiri, tukiwa wawili. Anasimama, anacheka, anakula, na mimi nikishamlaza naokota magamba ya vanishi kwenye zulia kwa kidole kilicholowa, na kila nikiokota najua nimepunguza kitu ambacho yule mwanamke alinikabidhi. Jumapili moja nilikuwa nimeshika zamu ya mwenzangu, Robyn akasimama mbele ya kioo muda mrefu, akaniuliza, "Limefungwa na bado yanaharibika. Itakuwa joto?" Nikajibu, "Labda ni joto." Jumapili iliyofuata, nikiwa bado naishika zamu hiyo, akaja na mashine ya kupoza hewa, kubwa, na mimi nikashika upande wa pili tukaiingiza ndani, akanishukuru.

Nimemwambia mke wangu. Lyse amesema, "Baba Keza, funga hilo kabati. Mwenye nyumba akisema usiguse, hugusi. Ukifukuzwa utamwambia nini Keza, kwamba ulifukuzwa kwa ajili ya vijiti?" Halafu akaongeza, "Na mimi ungenitazama hata nusu ya unavyovitazama hivyo vijiti, ningekuwa nimenenepa." Hakuwa anacheka.

Nimenunua kopo la vanishi, liko kwenye buti la gari, nimefikiri nipake mwenyewe pale palipobanduka, ila mpaka leo sijalifungua. Nikimpa gongo namwibia binti, nikimnyima mzee anakufa njaa akidhani ametolewa mchezoni, na vyovyote nifanyavyo kuna kitu kinaisha mbele ya macho yangu na mimi ndiye ninayekimaliza. Niendelee kumpa au nifunge? Nimwambie Robyn? Sina hata nguvu ya kusali juu ya jambo hili, nasali juu ya mengine.

Mwenye ufunguo,
Merrylands

JIBU LA MAMA OLOO

Marahaba, Baba Keza. Barua yako nimeisoma nikiwa jikoni, nikaunguza vitunguu, kwa hiyo utanivumilia nikikugombeza kidogo.

Nianze na mafuta, kwa sababu hapo unajitesa bure. Ulimkuta mzee ngozi inachanika, ukampaka. Nimekuwa nesi miaka mingi, na kama ungemwacha vile ningekusema vibaya. Hukujua kwamba mafuta ya mgando na vanishi ya zamani havikai pamoja. Sasa unajua. Hilo liishe leo.

Lakini "labda ni joto" haliishi hivyo. Mwanamke wa watu amekwenda dukani, amenunua mashine, ameibeba mpaka sebuleni, na wewe ukashika upande wa pili! Ulikuwa na nafasi ya kusema pale mlangoni, mikono yenu wote wawili imejaa, ukapokea shukrani. Mtu akikupa ufunguo akakuambia anakuamini, halafu ukafungua kwa siri, hata kama unafungua kwa huruma, siri ni siri.

Na kuna jambo jingine ambalo naona hulioni kabisa. Robyn huja Jumapili. Kabati limefungwa, ufunguo uko mfukoni mwako Merrylands, na yeye anakutana na mzee aliyekaa kimya asiyemjua, anakaa naye, anaondoka. Yule mzee mwingine, anayesimama bila kushikwa, anayemcheka Merv, anayemaliza sahani, anaonekana siku za kazi tu, na wa kumwona umekuwa wewe peke yako. Binti anahangaika kuihifadhi mikono ya baba yake kwenye mpini wa gongo, kumbe mikono yenyewe bado inafanya kazi kila alasiri na hakuna aliyemwambia. Najua ulidhani unamlinda mzee. Lakini hapo umemnyima mtoto baba yake, na ukiniuliza mimi, hilo linaniuma kuliko vanishi yote ya kabati lile.

Kwa hiyo leo, kabla hujaingia zamu, mpigie simu. Usiandike meseji. Mwambie mafuta uliyapaka wewe, na kabati umekuwa ukilifungua. Ishia hapo, habari za kambi na za marehemu baba yako mweleze siku nyingine akikuuliza. Ukikata simu hiyo, piga ya pili kwa msimamizi wako umwambie maneno yaleyale, asije akayasikia kwa mwingine. Unaweza kuondolewa katika nyumba ile. Mkeo ana haki ya kuogopa na sitakudanganya kwamba haitatokea. Na huyo mkeo pia umtazame, bwana, amekuambia wazi na wewe ukaandika tu kwamba hakucheka.

Robyn akikubali kukusikiliza, mwombe aje siku moja ya kazi, wakati wa alasiri, afungue kabati kwa mkono wake na ampe baba yake gongo yeye mwenyewe. Wewe kaa jikoni. Akishaona alichokuwa hajaona, mwombe achague moja, moja tu, la kumwachia mzee mpaka mwisho. Mweleze bila kupaka sukari kwamba hilo litakwisha: vanishi itatoka yote, utomvu utafutika, alama zitazama kwenye jasho, na atakapolirudisha kabatini halitafanana na mengine. Yale kumi yabaki yamefungwa na ufunguo umrudishie, usilale nao tena. Mafuta mpake usiku anapolala, na kabla ya kumpa gongo mnawishe kwa maji ya uvuguvugu, umkaushe vizuri. Hiyo haitaponya chochote, itachelewesha kidogo.

Na lile kopo la vanishi lirudishe dukani leo hii, we baba! Umeambiwa na mwenye mali kwamba vanishi mpya ndiyo inayoua alama, ukaenda ukanunua. Huo ulikuwa mkono wa mtu anayetaka kuficha, na ndiyo maana kopo hukulifungua.

Huenda Robyn akakataa yote. Ana haki hiyo, na wewe utafunga mdomo. Kama bado uko kazini, kaa na mzee bila gongo, mpe mikono yako aikamate, na akikuuliza kama wamemtoa usimwambie tena kwamba zamu yake inakuja. Mwambie mechi imekwisha na alicheza vizuri. Pengine hatakula. Wagonjwa wa aina yake hufika mahali hawali, nimewalisha wengi na wengi walifunga mdomo, na hawakuwa na kabati wala gongo. Barua yako yote imeandikwa kama vile kuna jibu ambalo ukilipata mzee atabaki na vanishi itabaki. Halipo, na mimi sinalo. Mzee anaondoka, na vanishi ile ingebanduka polepole hata ndani ya kioo.

Piga simu. Robyn akilia, mwache alie, akikutukana, usijitetee. Atakachoamua kinaweza kukuumiza sana, ila ni baba yake.