Safu ya Kwanza Ukutani

Uingereza, 10 Februari 1974

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umfikishie baba. Natumaini mu wazima. Mimi mzima, ila baridi ya huku imeniingia mpaka kwenye meno.

Unauliza nafanya nini siku nzima ndani ya maabara. Tunachukua heliamu, hewa ile ya kurushia maputo, tunaipoza mpaka iwe maji. Ukizidi kuipoza, inaacha uzito wote wa kutiririka. Inapanda ukuta wa chombo na kutoka nje yenyewe. Ninacho kioo chenye matundu madogo ambayo unywele mmoja ungeyaziba maelfu. Maji hayapiti humo, heliamu inapita bila kusuguana na chochote. Nakitundika kioo kwenye uzi wa chuma, nakizungusha huku na huku. Heliamu iliyo huru hubaki imetulia.

Tatizo ni kwamba sehemu kubwa haitulii, inazunguka pamoja na kioo. Profesa anayenisimamia anasema nimechafua kazi. Amenipa mpaka Juni nieleze, la sivyo nirudi mikono mitupu.

Nimeota asali yako inapanda ukuta wa kibuyu.

Mwanao, Bazilio

Kibondo, 2 Aprili 1974

Mwanangu Bazilio,

Mwakeye, umeamkaje huko? Sisi wazima, ila kifua cha baba yako. Uvumilie mwandiko, mwalimu wa elimu ya watu wazima anasema herufi zangu zimelala usingizi.

Barua nimeisoma mwenyewe! Nilipomsomea baba yako akasema umeenda mbali mno kutafuta kitu kinachovuja, angekuonyesha paa letu.

Lakini mwanangu, umesahau kibuyu kipya? Ukikijaza asali na kuimimina, hairudi yote. Ile iliyogusa ukuta kwanza imeshika, haitoki hata ukiinamisha mpaka kesho. Ndiyo maana asali ya kibuyu kipya tunailamba sisi wa nyumbani, mgeni hapewi, asije akadhani tumempunja. Na kibuyu kikiwa kidogo ndivyo kinavyokula zaidi. Sasa matundu yako hayo, si yote ni ukuta mtupu?

Mama yako, Kezia

Uingereza, 19 Mei 1974

Mama,

Shikamoo. Hujambo na masomo? Mimi niliposoma barua yako nilicheka peke yangu, kisha nikakaa chini.

Ndivyo ilivyo. Heliamu inayofika kwanza hugandamana na ukuta wa tundu na kuwa safu ngumu kama jiwe. Kwenye chombo kipana huioni. Kwenye matundu yangu ukuta uko karibu kila mahali, kwa hiyo fungu lake ni kubwa. Tumepima upya, hesabu imekubali. Profesa aliuliza nimetoa wapi wazo hilo, nikamwambia, kwa mtaalamu wa Kibondo. Nimebakiza vipimo vya majira ya baridi, halafu shahada.

Wako, Bazilio

Kibondo, 11 Agosti 1974

Mwanangu,

Mwakeye. Mimi mzima, moyo ndio haupo mahali pake.

Tumehamishiwa kijiji kipya kando ya barabara. Nyumba zimepangwa mstari, nikiamka sijui mlango uko upande gani. Watu wote wametiririka mpaka hapa na magodoro yao. Baba yako kabaki kule porini na mizinga yake. Anasema nyuki hawahami kwa tangazo. Anakohoa peke yake, nampelekea chakula mara mbili kwa juma, naumia. Mwisho wa Septemba nyumba za kule zitaezuliwa nyasi, na wanaobaki watatolewa kwa nguvu. Naogopa watamvunja.

Yeye ndiye ile safu yako ya kwanza. Mwandikie, nakuomba. Wewe anakusikia.

Mama yako

Uingereza, 30 Agosti 1974

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeandika barua kwa baba mara nne na kuzichana zote.

Safu ile nimeizungusha miezi minane na haijatoka kwa kuzungushwa. Hutoka kwa joto tu. Karatasi haina joto, mama. Profesa anasema nikiondoka kabla ya vipimo nafasi yangu atapewa mwingine. Nimelia, kisha nimefunga sanduku. Mwambie tu kwamba nakuja. Nikifika Kasulu nitalala misheni kusubiri lori, nitumie neno huko.

Bazilio wako

Kibondo, 23 Septemba 1974

Mwanangu,

Mwakeye, na pole kwa safari. Barua hii nampa dereva wa lori aifikishe misheni, Kasulu.

Nilimwambia baba yako ulivyosema, sikuongeza neno. Leo alfajiri nimefungua mlango nikamkuta kaketi kando ya barabara, godoro limekunjwa pembeni, anatazama upande wa Kasulu. Katembea kutoka porini na kifua kile. Hakusukumwa na mtu.

Amepakata kibuyu kipya, kimejaa. Nikamgombeza, mzee, umesahau mgeni hapewi asali ya kibuyu kipya?

Akaniuliza, "Kwani anayekuja ni mgeni?"

Mama yako, Kezia