Chupa Mbili Ndani ya Leso

Jumamosi, Agosti 1997. Kumepambazuka manyunyu na moshi. Mvua yenyewe haikuzima kitu.

Leo nimetaka kuua mtu. Naandika kwa sababu sina wa kumwambia, na mikono yangu bado inanuka damu ya Adhiambo.

Adhiambo ni mkunga wa zahanati yetu ya Likoni, na ni mpangaji wangu. Mtoto akizaliwa, humwomba mama ruhusa, kisha hunikatia kipande cha kondo la nyuma, kidogo kama ukucha. Kondo lenyewe wenyewe hurudishiwa wakalizike. Katika chumba cha nyuma mimi huzikuza seli za kile kipande, nikazinyima hewa, nikazitesa kwa joto, nikatazama zipi zinajikinga na zipi zinajiua. Natafuta chanzo cha kifafa cha mimba. Watu hunitania kwamba nimesoma mpaka nimekuwa mpishi wa makondo. Na wanitanie. Dada yangu Mwanasha alikufa kwa kifafa hicho, Adhiambo amemkumbatia asijigonge kichwa, na Bakari, mume wa Mwanasha, analia mlangoni.

Siku hizi wenye mapanga wanawafukuza watu wa bara na kuchoma nyumba zao, na Adhiambo ni wa bara. Jana umeme ulikatika, na seli zangu bila joto hufa. Asubuhi niliziacha zote isipokuwa chupa mbili za zile zilizostahimili mateso, kazi ya ujana wangu wote. Nikazifunga tumboni kwa leso, maana joto la mwili ndilo joto lao. Adhiambo nikamvisha buibui langu la pili, tukashika njia ya feri.

Karibu na kibanda cha mkaa palikuwa na maiti. Sikumtazama uso, niliogopa kumjua.

Hatukufika mbali. Wanaume walitokea nyuma ya ukuta, vifua wazi, hirizi shingoni. Mmoja wao alikuwa Bakari.

"Shemeji, wewe pita," akasema. "Huyo mwenzio namjua. Buibui halimfichi."

"Bakari, huyu ndiye aliyemshika Mwanasha."

"Namjua aliyemshika," akasema, akainua panga.

Lilimkata Adhiambo mkono juu ya kiwiko. Nikaona mfupa. Hakupiga ukelele, alikaa chini tu, kama mtu aliyechoka.

Nilichomoa chupa moja nikampiga nayo Bakari usoni kwa nguvu zangu zote. Kioo kikapasuka. Yale maji ya rangi ya waridi yanayolisha seli yakachanganyika na damu yake, yakatiririka hadi kwenye hirizi. Nilifurahi. Wallahi nilifurahi.

"Hilo ni kondo la nyuma," nikawaambia wenzake. "Ninalo jingine. Nani anataka?"

Wakarudi nyuma. Wamekula kiapo wale, na hapa kwetu kila mtu anajua kwamba dawa ya vita huharibika ikiguswa na mambo ya uzazi. Mmoja akamwambia Bakari, "Ushaharibika wewe. Usitufuate." Wakaenda zao. Yeye akabaki amepiga magoti, haoni, anapapasa macho. Panga lilikuwa limemponyoka.

Nikaliokota.

Nikasimama juu yake, nikachagua mahali shingoni. Hakuwa shemeji yangu tena. Sijui angekuwa nani baada ya pale, wala mimi ningekuwa nani.

Adhiambo akasema, taratibu, "Dada, nifunge mkono kwanza."

Sikuwa na kitambaa kingine. Nikaifungua leso, na chupa ya pili ikaanguka ikavunjika juu ya mawe. Nikamkaza mkono mpaka damu ikapungua. Tulipoondoka, Bakari alikuwa bado anaita jina la dada yangu. Sikugeuka.

Adhiambo yuko hospitali, ng'ambo, kisiwani. Daktari anasema ataishi, ila vidole huenda visifanye kazi tena. Vidole hivyo ndivyo vinavyopokea watoto wa Likoni. Mimi nimelala kwa shangazi. Kazi yangu yote imemwagika njiani, na ajabu ni kwamba siililii.

Ninachokililia ni kingine. Miaka yote hii nimezitesa seli zile. Nyingine zilijikinga, nyingine zilikufa zenyewe kimya kimya. Sijaona hata moja iliyomgeukia jirani yake kwa sababu inaumia. Leo nimemwona Bakari. Kisha nimejiona mimi.

Lile panga nimevuka nalo feri, ndani ya buibui, pale pale chupa zilipokuwa. Sasa liko chini ya mto wangu, limeshapata joto.

Mbona sijalitupa baharini?