Hukuniuliza, Shemeji

Jumamosi jioni, Buzuruga. Mvua imenyesha tangu asubuhi na ziwa halionekani kabisa. Mguu unauma. Lakini kilichonikalisha hapa kuandika si mguu, ni hasira, na hasira yenyewe leo naipenda.

Shemeji Maduhu amekuja tena kutoka Misungwi.

Mimi ni fundi cherehani, mjane. Mwezi uliopita niliteleza kwenye mawe ya kushukia kwangu nikiwa na ndoo ya maji, nikavunjika mfupa wa paja. Maduhu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alifika hospitali siku hiyohiyo. Tangu hapo akawa ndiye anayejibu kila swali ninaloulizwa mimi.

Nikiwa nasubiri upasuaji, alikuja daktari kijana wa utafiti. Walikuwa wanalinganisha njia mbili za kutuliza maumivu ya paja lililovunjika: dawa za kawaida peke yake, au dawa hizo pamoja na sindano ya ganzi kwenye kinena. Kompyuta ndiyo inayochagua nani apate ipi. Yote hayo alikuwa anamweleza Maduhu, mimi nimelala katikati yao kama mzigo.

Maduhu akakataa. Alisema hataki mtu wake afanyiwe majaribio kama panya.

"Daktari," nikasema, "huyo unayemweleza hajavunjika. Niambie mimi."

Akageuza kiti, akaanza upya. Nikamuuliza kama naweza kujitoa. Akasema wakati wowote, na matibabu yangu hayatapungua. Nikaweka sahihi. Shemeji akatoka wodini bila kuaga.

Basi kompyuta ikanipanga upande wa dawa za kawaida.

Mama wa kitanda cha jirani, muuza samaki wa Kigongo, alipata ganzi. Jioni anakunywa uji na kupiga soga na wanawe, mimi nang'ata kanga. Nililia kwa wivu, sifichi. Maduhu aliposikia alisema tu, umeona sasa. Nilitamani kujitoa, na ninadhani nilibaki kwa ukaidi kuliko kwa akili.

Neema, nesi wa utafiti, alikuwa anapita kuniuliza maumivu yangu ni mangapi kati ya sifuri na kumi. Mara ya kwanza nilimwambia nne. Nimezaa mapacha huku naambiwa jikaze. Sikujua kama maumivu yanaweza kuulizwa, halafu mtu akasimama kusubiri jibu. Akaitazama ile kanga mdomoni mwangu.

"Mama Kulwa, hapa hatupimi ujasiri."

Tisa, nikamwambia.

Akamwita daktari, wakaniongezea dawa, nikalala usingizi wa kweli. Sindano ya ganzi sikuipata. Lakini kwa mara ya kwanza nilisema panauma, na mtu akafanya kitu.

Nilipasuliwa, nikashonwa, nikaruhusiwa kurudi nyumbani. Sasa leo. Shemeji amekaa sebuleni kwangu, anakunywa chai yangu, ananielekeza nitakachowajibu hao watu wa utafiti wakipiga simu: nimepona, waniache. Anasema ninaiaibisha familia kwa kulialia mbele ya wageni.

Simu ikaita. Neema. Nikaweka spika.

Nikamwambia leo ni sita, nikikanyaga ni nane. Nikamwambia pia mshono umevimba na tangu jana una moto. Sauti yake ikabadilika. Akasema nisisubiri siku ya kliniki, niende kesho asubuhi na mapema, na homa ikipanda usiku niende usiku huohuo.

Nilipokata simu, Maduhu alikuwa ameshaweka kikombe chini. Hakuwa na ukali tena. Nilimwona mzee, na nikakumbuka kwamba ameshamzika mdogo wake.

"Mbona hukuniambia kuwa kidonda kina moto?"

"Hukuniuliza, shemeji."

Mvua ilikuwa inapiga bati.

Baadaye akauliza nani atanipeleka. Nikamwambia nimeshaongea na dereva wa bajaji, nauli ninayo. Akasema atalala hapa, tutaenda wote. Sikumkatalia. Nimemtandikia kitanda cha mwanangu Kulwa.

Naogopa kesho. Naogopa watasema mshono ufunguliwe. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na nimechoka kusema nne wakati ni tisa.

Aje tu, anishike mkono kwenye yale mawe. Daktari akiuliza, nitajibu mwenyewe.