Mama Alipopiga Makofi

Kaka yangu,

Huku hatujambo. Cherehani yangu imepona, na Mama alifika salama na gauni lake la kutokea, mkoba kwapani. Alikuja kumwona mjukuu wake kwenye onyesho la shule.

Waliigiza taifa letu lilikotoka. Mwanangu alipewa nafasi ya kuwa "mtu wa msituni", yaani sisi wa kabila letu. Nilipokunja uso, mwalimu akacheka: "Usinune, dada. Wewe si kama wale ndugu zako, wewe umeshastaarabika." Husema hivyo kwa upendo kabisa, kama wateja wangu wote.

Basi mtoto akapakwa masizi, akavishwa gunia, akawa anarukaruka na kunguruma mpaka wenzake waliovaa suti wakamshika mkono, wakampa bendera. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Mama naye alipiga makofi mpaka viganja vikamwuma.

Njiani akaniuliza, "Mjukuu wangu kacheza vizuri kweli. Hivi alikuwa mnyama gani?"

Ningemjibu nini, kaka? Nilimwambia nyani.

Akirudi huko atakusimulia kwa furaha. Tafadhali, akikuuliza, nawe sema nyani.

Ni mimi mdogo wako,
fundi cherehani