Gari Linalokwenda Nyuma Tu

Jumapili jioni, Agosti 1974

Na bado shemeji anangoja nimwambie ahsante!

Mzee wa Kipunjabi aliyeniuzia gari alinionya, mume wangu akisikia: "Mama, gari hii ni mzee. Oili ya giaboksi usimwage yote. Toa kidogo, ongeza kidogo. Hiyo nyeusi ndiyo inashika gia." Mwaka mzima nimefanya hivyo, halijanisumbua.

Leo shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu aliyekuja kututembelea kutoka Mombasa, ameiona oili ile nyeusi akasema ni aibu. Nikakataa isiguswe. Mume wangu akaninong'oneza, "Ni mkubwa wangu, nitamkatazaje?" Basi shemeji akaimwaga yote, akaosha giaboksi kwa mafuta ya taa kama anavyoosha injini za malori yake, akatia mpya.

Tulifika sokoni Dagoretti salama. Wakati wa kurudi, injini inanguruma, gari halisogei. Linashika rivasi tu, gia ya kurudi nyuma. Tumerudi hadi nyumbani Satellite kinyumenyume, watoto wa watu wakitufuata kwa vifijo, na shemeji anasema litazoea.

Litazoea! Kesho mama yangu anapasuliwa jicho hospitali. Nimpeleke kinyumenyume?

Mume wangu ati, "Nia yake ilikuwa njema."

Sasa hivi nimemsikia shemeji sebuleni akisema cherehani yangu inapiga kelele, kesho ataifungua.

Nimetoka, nimeibeba mbele ya macho yao, nimeiweka kitandani upande wa mume wangu. Yeye atalala sebuleni na mkubwa wake.