Shujaa Nyuma ya Magunia ya Mkaa

Shangazi, shikamoo. Tumefika Nansio salama, ila mbavu zinaniuma kwa kucheka. Kaka Masanja, huyo aliyevishwa nishani vitani kwa kuwabeba wenzake wawili huku risasi zinamiminika, alipanda feri na gwanda lake, nishani kifuani. Mara mama mkwe wake huyu hapa! Kwa mila zetu hawakutani uso kwa uso, na feri haina uchochoro. Shujaa wetu akajitupa nyuma ya magunia ya mkaa.

Mama mkwe naye akageuka akatupa mgongo, akaniambia, “Niletee hiyo nishani niione.” Nikampelekea. Akaisugua na kitenge kama anasugua sufuria, kisha akasema, “Mwambie apite, nimefumba macho.”

Masanja akapita kwa mwendo wa gwaride, mweusi tii, feri nzima inacheka. Kafumba wapi, shangazi! Alikuwa anachungulia kati ya vidole, machozi yanamtoka, anahesabu mikono na miguu ya mkwe wake.

Viungo vyote vinne vimerudi. Goti lako lipone upesi, maana gwanda linakuja kwako kufuliwa.

Mwanao, Kabula