Raia Kwenye Mulango wa Base

Mujukuu wangu Ngoie,

Jambo yako huko Lubumbashi. Huku tuko, magoti yangu tu ndiyo yamekataa kazi. Shangazi yako amezaa tena, na mvula imechelewa. Unaniuliza raia ni nani, maana mwalimu wenu anasema ni mwenye inchi. Sawa. Minyi nimeitwa raia maisha yangu yote, na kila mara ilikuwa kwa kunizuia.

Wakati wa Wabeleji, dada yangu aliolewa na soda, askari wa Base, ile kambi kubwa ya jeshi, akazaa mutoto wake wa kwanza kule ndani. Mama na minyi tukabeba unga na samaki wa Bukama kwenda kumuona. Mulinzi wa mulango alikuwa shemeki yangu mwenyewe, yule bwana wa dada. Amri yake: raia asipite bila kupekuliwa mwili. Lakini kwetu mwanaume hamutazami mama mukwe usoni, sembuse kumugusa. Basi akatugeuzia mugongo, bunduki begani. Tukapita.

Kaporali akapiga kelele: "Weye! Raia beko napita!"

"Hapana raia, kaporali. Ule njo mama ya bibi yangu."

Azabu aliyopata sitaiandika. Mama alimubeba mujukuu wake hadi jioni.

Tangu hapo nimesimama kwenye milango mingi ya ofisi na hospitali. Hesabu naijua: waliogeuza mugongo ili nipite hawajazi vidole vya mukono mumoja. Weye unasomea kazi ya ofisi. Raia muzee akisimama mbele yako, uliza kwanza ni mama wa nani.

Nkambo wako, mwenye mukono uliochoka.